Uzi kuhusu nyuzi sauti: kwa mnaoogopa mrija wa kamera kooni

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Nafundisha Kiswahili. Kila mwaka nachora ubaoni ile picha ya ala za matamshi: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kimio, kidakatonge, halafu kule chini kabisa navuta vistari viwili, naandika "nyuzi sauti". Wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Wiki iliyopita ndipo nilipoziona nyuzi sauti kwa macho, tena za kwangu mwenyewe, kwenye skrini, zinafunguka na kufumba. Si vistari. Ni mikanda miwili myeupe inayong'aa kwa ute, imekutana mbele na kuachana nyuma mfano wa herufi V.

Ningeziona mapema kama si woga. Sauti ilianza kupwea wakati wa mafua. Mafua yakaisha, sauti ikabaki na mkwaruzo. Kipindi cha kwanza nasikika, cha nne nanong'ona. Daktari akaniandikia niende kwa bingwa wa masikio, pua na koo nikatazamwe kwa kamera. Nikauliza inapita wapi, nikaambiwa puani. Karatasi ile ililala ndani ya kitabu cha sarufi miezi mitatu. Kila nikiiona najiona nimeshikwa na watu wanne, mpira unashindiliwa puani, sipumui.

Sasa sikieni ilivyokuwa. Nilikaa kwenye kiti, wima, nikiwa macho, bila sindano. Daktari alinionyesha mrija kwanza: mweusi, mwembamba kuliko penseli, milimita 3 na ushei, ncha inajipinda anavyotaka yeye kwa kidole gumba. Akanipulizia dawa puani, mchanganyiko wa ganzi na kitu cha kunywesha uvimbe wa ndani ya pua ili njia ipanuke. Dawa ile ni chungu, wakuu. Inateremka hadi kooni, na baada ya dakika chache unahisi koo limevimba na mate hayapiti. Hapo nilitishika kuliko nilivyotishwa na mrija wenyewe, kwa sababu hakuna aliyenitahadharisha. Koo halijavimba. Unameza kama kawaida, ila huhisi kwamba umemeza.

Mrija ukaingia. Ndani ya pua unasikia msukumo, na machozi yanatoka yenyewe hata kama hulii. Pabaya kuliko pote ni pale unapokunja kona nyuma ya pua uteremke kooni. Ni sekunde chache, nikataka kupiga chafya. Akaniambia "vuta hewa kwa pua kama unanusa", kaakaa laini likashuka, mrija ukapita. Baada ya hapo sikuhisi cha maana. Na kupumua unapumua muda wote, maana mrija hauzibi njia ya hewa. Unakaa juu ya nyuzi ukitazama chini. Hata kuongea unaongea, tena utaambiwa uongee.

Nilitakiwa niseme "iii" ya kuvuta, nihesabu, ninuse, nitoe ulimi, nijaze mashavu hewa, nigeuze kichwa kulia na kushoto. Nilidhani ananipotezea muda nisiwaze mrija, kumbe kila kimoja kina kazi. Ile "iii" inasogeza ulimi na kidakatonge mbele na kuzikutanisha nyuzi, kunusa kunaziachanisha. Kujaza mashavu na kugeuza kichwa kunafungua vishimo viwili vya pembeni mwa koromeo (sehemu ya koo yenye nyuzi sauti) ambamo uvimbe unaweza kujificha. Miaka yote nafundisha kwamba /i/ ni irabu ya mbele, sikujua kwamba na madaktari wanaihitaji.

Tangu mrija uingie hadi utoke hazikufika dakika mbili. Nina vinundu viwili, kimoja kila uzi, vinatazamana, pale theluthi ya mbele inapokutana na theluthi ya kati. Hapo ndipo nyuzi zinapogongana kwa nguvu mtu akipaza sauti. Sikatwi, napelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya sauti nikajifunze kuongea upya, mwalimu mzima.

Kama na wewe una karatasi umeificha mahali, uliza hapa.

Sikio la Kufa

Uzi wa nyuzi. Nimeweka kambi.

Kiti cha Dirishani

Mwalimu, mbona mimi ilikuwa tofauti kabisa? Niliambiwa nisile tangu usiku, nikalazwa ubavu, nikachomwa dawa ya usingizi, mrija ukapitia mdomoni. Sikumbuki kitu. Na nyumbani sikuruhusiwa kwenda peke yangu. Au wewe ulifanyiwa nusunusu?

Muuguzi Kando ya Kiti

Nimefanya kazi kliniki ya koo miaka kadhaa, naomba nichangie.

Kiti cha Dirishani, chako kilikuwa kipimo cha umio na tumbo. Watu wanaita vyote "kamera ya koo" na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza: mtu anafika kwetu ana njaa tangu jana bila sababu, mwingine anafika kwenye kipimo cha tumbo ameshiba. Ukiandikiwa, uliza neno moja tu: kamera inatazama wapi? Kuna ya mwalimu, mrija laini wa puani, inatazama pua, koo na koromeo. Kuna chuma kilichonyooka kinachopita mdomoni huku ulimi umeshikwa kwa kitambaa. Picha yake ni safi sana ila wenye kichefuchefu cha karibu hawaiwezi. Kuna ya chumba cha upasuaji kwa nusukaputi, hiyo ni ya kukata sampuli au kutoa uvimbe. Kisha ya tumbo, na ya mapafu. Kila moja ina masharti yake.

Kwa mrija laini wa puani kwa kawaida hakuna kufunga. Kama kliniki yako imekupa maelekezo yake, fuata hayo. Mimi nawaambia watu wale chakula chepesi saa kadhaa kabla, kwa sababu wengi wanaozimia kitini nimewaona ni wenye tumbo tupu na hofu. Wanazimia si kwa ajili ya mrija kuwadhuru. Presha inashuka ghafla kwa woga, kama anayezimia akiona sindano. Kama wewe ni wa hivyo SEMA MAPEMA. Tutakulaza kidogo, hakuna atakayekucheka.

Mengine ya kusema kabla dawa haijapulizwa, hata kama hujaulizwa: unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, klopidogreli au aspirini (na usiziache kwa uamuzi wako, mara nyingi kipimo kinafanyika ukiwa unaendelea nazo, tunachohitaji ni kujua), unatokwa na muhina mara kwa mara, pua imewahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji, uliwahi kupata tatizo baada ya ganzi ya meno. Na kama unajua tundu moja la pua limeziba siku zote, tuambie tuanze na la pili. Mtu anavumilia tundu baya, mwishoni ndipo anasema "hilo halijawahi kupitisha hewa". Sasa kwa nini ulinyamaza?

Baada ya kipimo, usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, kama saa moja hivi. Koo lililokufa ganzi halijui kinachopita, unaweza kupaliwa, na kinywaji cha moto kitakuunguza bila wewe kujua. Anza na mafunda madogo ya maji baridi. Kwa kuwa hukupewa dawa ya usingizi, unaondoka kwa miguu yako na unaweza kurudi kazini. Makamasi yenye michirizi ya damu siku hiyo si ajabu. Damu isiyokoma, au kupumua kwa shida, rudi mara moja.

Mdadisi

Muuguzi, swali ambalo wengi wanaliogopa. Huo mrija umetoka kwenye pua ya nani kabla yangu? Unaoshwaje?

Muuguzi Kando ya Kiti

Swali halali, na una haki ya kuliuliza hapo hapo kitini. Kupangusa kwa spiriti peke yake hakutoshi. Mrija unatakiwa usuguliwe kwa sabuni maalumu mara tu baada ya kutumika, kwa sababu ute ukikauka dawa haipenyi, kisha uingie kwenye dawa kali ya kuua vijidudu kwa muda uliopangwa, usuuzwe, ukaushwe, uhifadhiwe pasafi. Pengine huvikwa soksi ya plastiki inayotupwa, na mrija wenyewe bado unasafishwa. Siku hizi ipo pia mirija ya kutumika mara moja na kutupwa. Muuguzi anayeijua kazi yake atakujibu bila kununa.

Bin Shaka

Mimi sikupuliziwa ganzi yoyote. Daktari alipaka mrija mafuta ya kuteleza akaingiza. Nimekaa na hasira tangu siku ile, najua nilidhulumiwa.

Muuguzi Kando ya Kiti

Pole kaka, kosa lilikuwa kutokukueleza. Kuhusu ganzi yenyewe huenda hukudhulumiwa. Mapitio ya 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti zilizolinganisha waliopuliziwa na wasiopuliziwa, hayakupata ushahidi kwamba dawa ya kupulizia inapunguza maumivu ya kipimo hiki. Ndiyo maana wapo madaktari wanaotumia maji au jeli tu. Mgonjwa anakwepa ule uchungu, koo halifi ganzi, na anaweza kula akitoka. Wengine bado wanapulizia, na wapo wagonjwa wanaotulia kwa kujua kwamba wamepuliziwa. Unaweza kuomba, unaweza kukataa.

Bin Shaka

Mh. Basi hasira nusu.

Mwalimu wa Zamu

Hivi hata mimi ningejua ningekataa. Kile cha kuhisi koo limeziba kilinitoa jasho.

Tonge

Naomba niseme la upande wa pili, maana uzi unaelekea kuwa wa kusifia mrija.

Mimi kwa muda mrefu nahisi kuna kitu kama tonge limekwama kooni, halishuki wala halipandi. Nikapigwa kamera. Daktari akatazama, akasema "koo lako safi, huna kitu", akafunga faili. Ndiyo hivyo. Nikatoka nikijiona mwongo. Siku ya pili nilikwenda kwa daktari mwingine, akasema pekundu kidogo, ni asidi ya tumbo, nikameza vidonge miezi. Tonge liko pale pale. Huyu safi, yule pekundu, koo ni hilo hilo moja.

Muuguzi Kando ya Kiti

Tonge, "safi" maana yake mrija haukuona uvimbe, kidonda wala uzi uliopooza mahali ulipofika. Ni habari njema sana, ila ina mipaka. Umio haukuonekana: mtu akiwa hamezi, mlango wa umio umejifunga. Chini ya nyuzi sauti inaonekana sehemu ndogo tu ya bomba la hewa. Kwa hiyo kama chakula kigumu kinakwama kikishuka, au unapungua uzito, kamera ya puani haijamaliza kazi. Unahitaji cha umio. Lakini kama tonge linasikika zaidi unapomeza mate makavu na linapotea unapokula, hiyo ni hali inayojulikana. Mara nyingi ni misuli ya koo kukaza, na kadiri unavyosafisha koo kwa kukohoa ndivyo inavyozidi. Hukudanganya.

Na huo wekundu, mimi siukubali sana kama ushahidi. Koo la mtu mzima asiyelalamika lolote nalo linaweza kuonekana jekundu, na madaktari wawili wakitazama picha moja hawakubaliani sikuzote. Vinundu huwezi kuvibishia, uzi uliopooza huwezi. Wekundu unabishika.

Mwalimu wa Zamu

Hapa Tonge amenigusa. Mimi nilibahatika: daktari alirekodi video, akanirudishia taratibu, akaonyesha kwa kidole. Niliuliza maswali mawili ambayo nashauri kila mtu aende nayo: umeona nini, na ni kitu gani ambacho kipimo hiki hakiwezi kukiona? Hilo la pili lilimfanya aache kuandika, akaniangalia.

Kovu Shingoni

Kwangu tatizo lilianza baada ya upasuaji wa tezi la shingo. Niliamka sauti ni pumzi tupu, na maji yananipalia. Kamera ikaonyesha uzi wa kushoto haujongei, wa kulia unahangaika peke yake kuufuata.

Daktari alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa kushoto hauji moja kwa moja kutoka kichwani. Unashuka hadi kifuani, unazunguka chini ya upinde wa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo unapanda tena hadi kwenye koromeo. Wa kulia unageukia juu zaidi. Ndiyo maana mtu ambaye hajapasuliwa, uzi wake wa kushoto ukipooza ghafla, anaweza kupelekwa akapigwe picha ya kifua. Anashangaa: nimekuja na sauti, mbona wananitazama mapafu? Wanafuata njia ya mshipa. Mkipelekwa msigome.

Mama Wawili

Jamani watoto je? Mwanangu ana miezi mitatu, akivuta hewa anatoa mlio, zaidi akilala chali. Tumepangiwa kipimo hiki, silali.

Muuguzi Kando ya Kiti

Mama, pole. Kwa wachanga kinafanyika pia, kwa mrija mwembamba zaidi, mtoto akiwa macho amepakatwa na mzazi au mtu anayemshika kichwa. Atalia, na kilio kinatusaidia kwa sababu kinafungua koromeo tuone. Sababu ya kawaida kuliko zote ya mlio kama huo kwa umri wake ni koromeo ambalo bado laini, linajikunja kuelekea ndani kila akivuta hewa. Wengi wao wanapona wenyewe kadiri wanavyokua, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka miwili. Ila mtajua kwa hakika baada ya kutazama, hivyo nenda. Akianza kubadilika rangi, kushindwa kunyonya au kubonyea kifua sana, usisubiri tarehe.

Kwa wazazi wengine wanaosoma: mtoto mwenye homa kali ya ghafla, udenda unamtoka, anainama mbele apate hewa, huyo si wa kumfungua mdomo na kumulika tochi. Mkimbize kitengo cha dharura, mwache akae alivyochagua mwenyewe kukaa.

Mzee wa Kumbukumbu

Mwalimu, utafurahi kusikia kwamba aliyezifungulia njia kamera hizi alikuwa mwalimu mwenzako. Manuel Garcia, Mhispania, mwalimu wa kuimba. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, akakirushia mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake zikicheza. Mwaka uliofuata maelezo yake yakasomwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi, London. Aliishi hadi 1906, akafa na miaka 101. Mrija laini wa nyuzi za kioo kwa ajili ya koromeo ulielezwa na Sawashima na Hirose wa Japani mwaka 1968. Kabla yake ilikuwa vioo na vyuma, na mgonjwa akitaka kutapika kazi imekwisha.

Mwalimu wa Zamu

Mzee, umenipa mfano wa somo la Jumatatu.

Mdadisi

Nyongeza: mimi nilipigwa kamera yenye taa inayomweka kama ya disko. Nikadhani imeharibika.

Muuguzi Kando ya Kiti

😂 Haikuharibika. Nyuzi za mwanamume akiongea zinatetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, za mwanamke kama mara 200. Jicho haliwezi kufuata. Taa ile inamweka kwa kufuata sauti yako, hivyo skrini inaonyesha mtetemo kana kwamba ni wa polepole, na kovu dogo lililofichwa na kasi linaonekana. Waimbaji na walimu, kama kamera ya kawaida imesema safi na sauti bado mbovu, ulizeni habari za hiyo.

Na nirudi kwenye miezi mitatu ya mwalimu, maana nimeivumilia nimeshindwa. Mwongozo wa chama cha Marekani cha madaktari wa masikio, pua na koo, ule wa 2018, unasema sauti iliyokwaruza isiporudi ndani ya wiki 4, koromeo litazamwe. Wa 2009 ulikuwa unaruhusu hadi miezi mitatu, wakaufupisha. Na kuna wasiopaswa kungoja hata hizo wiki 4: mvutaji sigara, mwenye uvimbe shingoni, anayekohoa damu, anayepumua kwa shida, na ambaye sauti imeondoka baada ya upasuaji wa shingo au kifua. Mwongozo huo huo unakataza kumpa mtu dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa sababu ya sauti tu kabla koromeo halijaonekana.

Saratani ya nyuzi sauti ina tabia moja ya kumsaidia mgonjwa: inaharibu sauti ingali ndogo. Lakini lazima mtu akaitazame.

Mwalimu wa Zamu

Nimekubali kipigo.

Kesho Saa Nne

Nimesoma uzi wote tangu juu. Zamu yangu ni kesho saa nne asubuhi. Natumia aspirini na sikuwa nimemwambia mtu. Nimepiga simu kliniki sasa hivi, wamesema niendelee nayo, wameandika kwenye faili. Swali langu: nikishindwa katikati, nifanyeje? Siwezi kuongea na mrija kooni.

Muuguzi Kando ya Kiti

Kuongea unaweza, mwalimu amesema. Ila kubaliana na daktari kabla: ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Usiushike mrija wala kurusha kichwa nyuma, hapo ndipo pua inapochubuka. Tazama mbele, macho wazi, pumua polepole kwa pua. Wanaofumba macho wanausikiliza mrija, na ukiusikiliza unakua.

Kesho Saa Nne

Nimetoka, naandika nikiwa nje ya kliniki, koo bado ganzi. Mkono niliinua mara moja, pale kwenye kona, akasimama kweli, tukaendelea. Nimeuliza maswali yote mawili ya mwalimu. Ameona polipu moja (kiuvimbe kilichoota), uzi wa kulia, na akanionyesha. Asichokiona ni imetengenezwa na nini, kwa hiyo itatolewa kwa nusukaputi ipelekwe maabara. Tarehe nimepewa, wiki tatu kuanzia leo.

Ya nusukaputi nitayafungulia uzi wake. Mwalimu usikimbie.